Gobore la Babu: Mtambo Wake Unavyofanya Kazi, na Namna Unavyosafishwa Bila Kuharibiwa

Kila polisi wanapotangaza muda wa kusalimisha kwa hiari silaha zinazomilikiwa bila kibali, swali moja hurudi vijiweni hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi kwenye baraza za Pangani: na lile gobore la babu lililoning'inia ukutani, nalo ni silaha? Wapo wanaosema limekwisha kufa, ni pambo tu. Wapo wanaosema lipakwe mafuta ya nazi, litadumu. Na nimemsikia kijana mmoja akiapa kwamba ndani ya mtambo wa gobore la Mjerumani mna zebaki ya mamilioni.

Maneno yote matatu si kweli, na yanaenea kwa sababu watu wachache wamewahi kuuona mtambo huo umefunguliwa. Mimi kazi yangu ni saa na cherehani. Nimepata bahati ya kukaa siku mbili kando ya fundi wa silaha mwenye leseni, nikimshikia taa na trei, alipokuwa akifungua, kusafisha na kufunga mtambo wa gobore la bibi mmoja wa hapa mjini ambaye familia yake inalimiliki kwa kibali. Nililoliona siku zile ndilo ninalolieleza hapa.

La sheria nilimalize mapema. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Gobore linaloweza kufyatua ni silaha, liwe la juzi au la enzi za misafara. Kulimiliki kunataka kibali, na kulitengeneza ni kazi ya mwenye leseni. Kama liko kwenu na karatasi zake hazipo, safari ya kwanza ni kituo cha polisi. Fundi baadaye.

Sasa maneno yenyewe. Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni: unamimina baruti kwenye mtutu, unafuatisha kitambaa na risasi au marisau, kisha unashindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu inayochomekwa chini ya mtutu. Nyuma ya mtutu pamezibwa. Upande wa kulia pana kitundu chembamba kama cha sindano, na moto wa kuwasha baruti hupitia hapo. Kazi ya mtambo ni kupeleka moto kwenye kitundu hicho. Basi.

Magobore ni ya aina mbili kubwa. La kwanza ni la gumegume, yaani jiwe gumu la kupigia moto. Nyundo ya bunduki inalibana jiwe hilo kwa taya zake. Ukivuta kifyatulio, jiwe linakwangua kibao cha chuma kilichosimama mbele yake, cheche zinaangukia kwenye kijibakuli chenye baruti kidogo, na moto unaingia kitunduni. La pili ni la fataki. Hapo jiwe halipo. Pana chuchu ya chuma yenye tundu, juu yake unavishwa kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, nyundo inakigonga, moto unashuka. Wazo la kuwasha kwa dawa ya kugongwa lilitoka kwa mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, aliyepata hataza yake mwaka 1807. La gumegume ni kongwe zaidi kwa karibu miaka 200.

Watu wengi wanadhani cheche zinatoka kwenye jiwe. Zinatoka kwenye chuma. Nenda kwa mchomeleaji yeyote uangalie anapokata nondo kwa grenda: zile nyota zinazoruka ni chembe za chuma zilizokwanguliwa na kupata moto hewani. Gumegume linafanya hivyohivyo kwa pigo moja. Jiwe ni kisu, chuma ndicho kinachowaka. Kwa hiyo kile kibao cha mbele lazima kiwe cha chuma kigumu sana, na ukikipasha moto au ukakisugua mpaka uso wake mgumu ukaisha, gobore halitoi cheche tena hata ulibadilishie mawe kumi.

Tuingie ndani. Mtu akishauelewa mtego wa panya, ameuelewa mtambo wa gobore kwa sehemu kubwa. Mtego una springi yenye nguvu, una kono linalopiga, na una kijiti kinacholizuia kono lisipige mpaka panya aguse chambo. Wala si ajabu kwamba lugha yetu ilitumia neno hilohilo, mtambo, kwa mtego na kwa sehemu hii ya bunduki, na kwamba vyote viwili tunasema vinafyatuka.

Fundi alipoutoa mtambo na kuugeuza, nilikiona kile kijiti na lile kono katika sura nyingine. Pana bamba la chuma, refu kama kiganja, na kila kitu kimeshikwa juu yake. Springi kubwa imekunjwa mfano wa koleo la kushikia makaa, mikono miwili iliyobanana. Mkono mmoja umetulia kwenye bamba, mwingine unasukuma kigurudumu kidogo ambacho shingo yake imepenya bamba na kutokea upande wa pili, na hapo ndipo nyundo imevishwa. Kigurudumu na nyundo ni kitu kimoja kwa mwendo: kimoja kikizunguka, kingine kinazunguka.

Kigurudumu kina mapengo mawili. Kuna kishikizo, kijichuma chenye ncha, ambacho springi ndogo inakisukuma kiingie kwenye mapengo hayo. Ukirudisha nyundo kidogo unasikia *ka*: ncha imeingia pengo la kwanza. Hilo ni pengo la nusu, lenye kina, na ncha ikiwa humo kifyatulio hakitakiwi kuiondoa. Ukirudisha zaidi unasikia *ka* ya pili: pengo kamili, lenye mdomo mfupi, na hapo kidole kikigusa kifyatulio, ncha inachomoka na springi kubwa inafanya kazi yake. Juu ya hivyo vyote amelazwa mlinzi mmoja, kidaraja cha chuma kinachoshika kigurudumu kisiyumbe. Vingine ni skrubu.

Nimetumia muda kwenye mapengo kwa sababu hatari nyingi ziko hapo. Pengo la nusu likijaa kutu au likilika, nyundo inaweza kuteleza yenyewe. Ukutani huoni kitu. Unaona bunduki nzuri tu.

Nirudi kwenye siku ya kwanza. Bibi alipotukaribisha na salamu zikaisha, swali lake la kwanza kwa fundi lilikuwa, "Mwanangu, hili bado lina moto ndani?" Fundi akamjibu, "Ndilo tutakaloanza nalo, bibi," na hakugusa bisibisi mpaka alipolijibu.

Akauelekeza mdomo wa gobore kwenye ukuta mtupu wa uani, akihakikisha hakuna anayepita mbele yake. Akautumbukiza mdeki mtutuni taratibu mpaka ukagota. Akatia alama ya chaki kwenye mdeki pale unapokutana na mdomo. Kisha akauchomoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa mdomoni. Ncha ya chini ikafika sawasawa na kile kitundu cha moto. Maana yake mtutu ni mtupu. Ncha ingeishia vidole viwili au vitatu kabla ya kitundu, basi chini mna kitu kimeshindiliwa, na kazi ingekomea hapo hadi mtutu umwagwe na mjuzi, polisi wakiwa na habari.

Watu wanalipuuza jambo hili kwa kuamini kwamba baruti ikikaa miaka mingi inakufa. Haifi. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa, kwa kadiri ya sehemu 75, 15 na 10 katika mia. Hakuna kati ya hivyo kinachooza. Ikiloa haiwaki, ikikauka inawaka tena. Babu aliyerudi kutoka porini jioni bila kupata nguruwe, akatundika gobore lake ukutani likiwa limeshindiliwa, huenda ameacha hatari inayomngoja kitukuu.

Mtutu ulipothibitishwa, fundi akarudisha nyundo hadi pengo la nusu na kulegeza zile skrubu mbili ndefu zinazopenya mti kutoka upande wa kushoto. Hakuzitoa zote. Alizilegeza mizunguko kadhaa, akagonga vichwa vyake polepole kwa mpini wa bisibisi, kimoja halafu kingine, na mtambo ukajisukuma wenyewe kutoka kwenye mti kama jino la mtoto. Wengi huingiza bisibisi pembeni mwa bamba na kulikwangua litoke. Mti wa miaka 150 unapasuka hapohapo, na ufa huo hauzibiki.

Springi kubwa ndiyo ya kuogopwa. Mtambo ukiwa nje, fundi alirudisha nyundo hadi pengo kamili, springi ikajikunja hadi mwisho. Akaivisha kibano chenye skrubu, akakikaza kidogo tu kiishike ilivyo. Ndipo akabonyeza kishikizo huku akiizuia nyundo kwa gumba na kuishusha taratibu. Nyundo ikaanguka laini, haina nguvu tena, kwa sababu nguvu yote imefungwa ndani ya kibano. Springi ikainuliwa kwa vidole viwili. Anayeing'oa kwa koleo la kawaida ama anaivunja, ama inaruka na kumpata usoni. Niliwahi kujeruhiwa nyusi na springi ya saa ya ukutani ambayo ni nyembamba kuliko hii mara nyingi. Nilipoiona hii nilisogea nyuma bila kuambiwa.

Jambo jingine alilonikataza: usifyatue mtambo ukiwa nje ya mti ili usikie mlio. Ukiwa mahali pake, nyundo ya gobore la fataki inagota kwenye chuchu. Ukiwa nje hakuna cha kuipokea, na pigo lote linaishia kwenye kigurudumu na kidaraja. Hapo ndipo vinapopasuka.

Baada ya springi kubwa, mengine yalikwenda haraka: springi ndogo, kishikizo, kidaraja, nyundo, mwisho kigurudumu. Nyundo hukaza sana kwenye shingo yake ya pembe nne. Fundi hakuing'oa kwa kuinyanyua na bisibisi. Aliiegemeza juu ya kipande cha mti na kugonga ile shingo kwa kipini cha shaba, kwa kuwa shaba ni laini na haiumizi chuma. Kabla ya hapo alikuwa ameweka alama ndogo ya kalamu, maana pembe nne zina mikao minne, na mmoja tu ndio sahihi.

Kila kilichotoka kiliingia kwenye trei la mayai nililolishika, kila skrubu na chumba chake. Skrubu za zamani zilikatwa moja moja kwa mkono. Mbili zinaweza kufanana kwa macho kabisa, lakini kila moja ina tundu lake, na ukizibadilisha unaharibu hesi za zote mbili.

Nikapewa kigurudumu nikishike. Kizito kuliko kinavyoonekana, kidogo kama kifungo cha koti. Kwenye pengo la nusu palikuwa na kitu cha kahawia, kigumu kama gamba la sukari guru iliyoungua. Nikakinusa: nazi iliyochacha. Bibi akasema baba yake alikuwa akilipaka mafuta ya nazi kila Idi, bila kukosa. Nilimwonea huruma yule mzee, kwa maana alilipenda gobore lake. Lakini mafuta ya kula yanapokaa na hewa miaka mingi yanageuka utomvu mgumu, yanakusanya vumbi, na yanapochacha yanakuwa na ukali unaokula chuma. Utomvu ule ulikuwa umelijaza pengo karibu nusu. Yaani ncha ya kishikizo ilikuwa imeegemea gamba la nazi tu.

Sasa kusafisha. Wengi wanakimbilia mafuta ya taa au petroli, kwa kudhani uchafu wote ni grisi. Mabaki ya baruti ni masizi pamoja na chumvichumvi, na nyingine kati ya hizo zinavuta unyevu wa hewani kama chumvi ya mezani inavyolowa wakati wa masika. Mabaki ya fataki za zamani huwa na chumvi ya namna hiyo pia. Petroli haiyeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoyeyusha. Kwa hiyo maji ya moto na sabuni ndiyo ya kwanza, kwa brashi ya meno iliyochakaa, ingawa mtu anasikia vibaya kuosha chuma kwa maji. Kinachoua ni kuacha maji yakae. Fundi alisuuza kwa maji yaliyotoka kuchemka, chuma kikapata joto na kukauka chenyewe karibu mara moja, akamalizia kwa kitambaa na jua la uani.

Mafuta ya taa yaliingia baadaye, kwa ule utomvu wa nazi na kwa kutu. Vyuma vililowekwa kwenye kikopo usiku kucha, asubuhi gamba likatoka kwa kijiti cha mwanzi. Kutu jekundu, linaloacha unga kidoleni, aliliondoa kwa sufi laini kabisa ya chuma yenye mafuta. Ile rangi nyeusi ya kahawia iliyolala sawasawa hakuigusa. Hiyo ni ngozi ya chuma iliyotulia, na imekuwa ikilinda kilicho chini yake tangu kabla hatujazaliwa.

Hapa nina uchungu wa kusema. Miaka ya nyuma gobore hilohilo lilipelekwa kwenye karakana moja ling'arishwe kwa ajili ya harusi. Likarudi linameta kama sufuria jipya. Kwenye bamba palikuwa na taji na herufi. Leo limebaki nusu taji na herufi mbili za mwisho, E na R. Huenda lilikuwa neno TOWER, chapa ya Uingereza iliyojulikana sana kwenye bunduki za biashara, na iliyoigwa pia na watengenezaji wa nchi nyingine. Ingekuwa ndiyo au siyo, alama ndogo za pembeni zingetuambia. Zimekwenda na grenda. Msasa, ndimu na majivu, siki, vinafaa kwa sinia la shaba. Kwenye bamba la gobore vinafuta cheti cha kuzaliwa.

Na vyeti hivyo vina maana kwetu watu wa mwambao. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Nyingi zilishushwa bandari kama Bagamoyo na Pangani na kupanda bara na misafara ya pembe. Mwaka huohuo Abushiri bin Salim aliongoza vita dhidi ya Wajerumani katika pwani hii. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya silaha za kisasa, ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo mtutuni, yaani zenye mtutu laini ndani, chini ya masharti. Kwa hiyo gumegume liliendelea kuuzwa Afrika wakati Ulaya majeshi yalikuwa yamelitupa kwa miaka 50.

Ndiyo maana lile jina la "gobore la Mjerumani" linapotosha. Askari wa Wajerumani waliopigana hapa Tanga Novemba 1914 wengi walikuwa na bunduki za Mauser za mfano wa 1871, zinazotiwa risasi kwa nyuma. Moshi wake ni wa baruti nyeusi, ila hazishindiliwi mdomoni. Gobore la kwenu kwa kawaida ni mali ya biashara ya misafara, au kazi ya mhunzi wa bara aliyeliunda kwa bomba. Na zebaki? Dawa ya fataki za karne ya 19 ilikuwa na mchanganyiko wa zebaki, kiasi cha punje, nao hulipuka ukichokonolewa. Ndani ya mtambo hamna zebaki. Nimeuona umetandazwa wote kwenye trei la mayai.

Kufunga ni kurudi njia ileile, kigurudumu kwanza na springi kubwa mwisho. Kabla ya springi yoyote, fundi alifunga kigurudumu, kidaraja na nyundo, akauinamisha mtambo. Nyundo ikayumba mbele na nyuma yenyewe kama mlango wenye bawaba nzuri. Ingekwama, angelegeza skrubu ya kidaraja na kutafuta sababu, maana springi kubwa ina nguvu ya kuficha kosa hilo mpaka siku chuma kimelika. Mafuta yalikuwa ya cherehani, tone moja kila panaposuguana, kwa ncha ya sindano. Yakizidi yanatiririka kwenye mti, na mti ulioloa mafuta unalainika hadi skrubu hazishiki.

Mwisho akarudisha nyundo huku gumba likiwa juu yake. *Ka*. Akakivuta kifyatulio, nyundo haikutoka pengo la nusu. *Ka* ya pili. Akaishusha kwa gumba, bila kuiacha ipige. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele barazani, akainua kichwa na kusema huo ndio mlio aliokuwa akiusikia utotoni.

Gobore limerudi ukutani, ila ukuta mwingine: ule wa zamani unatazama baharini, na upepo wa chumvi ulikuwa ukiliingia mchana na usiku. Fundi ameahidi kurudi masika yakiisha, kwa sababu mti huvimba na kunywea, na zile skrubu mbili ndefu hulegea zenyewe.